Saa za Alasiri: Historia ya Masomo ya Kiingereza kwa Watoto Wahamiaji na Wakimbizi

Kila mwaka tunapowapokea wanafunzi wapya katika idara yetu huwa tunawauliza swali ambalo halimo katika fomu yoyote ya chuo: Kiingereza ulijifunzia wapi? Wengi hutushangaa, kwani kwao jibu ni dhahiri, yaani shuleni. Lakini hawakosekani wachache, hasa wale waliovuka mpaka wa Kongo wakiwa na umri wa miaka tisa au kumi, ambao hutaja mahali pasipoandikwa kwenye vyeti vyao: chumba cha nyuma cha kanisa, kibaraza cha jirani aliyekuwa mwalimu huko Bukavu, kando ya uwanja wa mpira kabla mazoezi hayajaanza. Shuleni, wanasema, walikikuta Kiingereza kimekwisha kuanza. Alasiri ndipo alipopatikana mtu wa kuanza nao mwanzo.

Hapa kwetu Uganda, mtu akisikia habari za masomo ya baada ya shule hufikiria tuisheni ya kulipia. Tunayotaka kuyazungumzia katika makala hii si hayo. Ni yale ya bure au karibu na bure, yanayoendeshwa na watu wa kujitolea, makanisa, misikiti, vyama vya wakimbizi na wakati mwingine shule zenyewe, kwa ajili ya mtoto aliyeingia nchi ya Kiingereza bila Kiingereza. Nchi ambayo historia yake ya jambo hili imeandikwa kwa mapana zaidi ni Marekani, na ndiyo tutakayoifuata hapa, kisha turejee nyumbani. Wasomaji wetu ni walimu na wanafunzi wa Kiswahili. Wanaweza kuuliza jambo hili linawahusu nini. Linawahusu kwa sababu kila mtoto anayefundishwa lugha mpya alasiri ana lugha aliyokuja nayo, na kwa watoto wengi wa miaka hii ya karibuni lugha hiyo ni Kiswahili.

Tuanzie Chicago. Mwezi wa Septemba mwaka 1889 wanawake wawili, Jane Addams na Ellen Gates Starr, walihamia katika nyumba moja kuukuu ya barabara ya Halsted, katikati ya mtaa wa wahamiaji. Wazo walilitoa London, kwenye nyumba ya Toynbee Hall iliyofunguliwa mwaka 1884: kwamba wasomi wasiwaletee maskini sadaka kwa kupita tu, bali wahamie waishi nao. Majirani wao walikuwa Waitaliano, Wajerumani, Wayahudi kutoka Poland na Urusi, Wabohemia, na baadaye Wagiriki. Nyumba hiyo iliitwa Hull House. Mambo ya kwanza waliyoyaanzisha ni chekechea na kikundi cha kusoma kwa sauti riwaya ya George Eliot iitwayo Romola. Tunakiri kwamba tulitabasamu tuliposoma habari hiyo, kwa maana ni kazi yao walimu wote wa lugha: mwanafunzi anataka maneno ya kununulia mkate, wao wanampa riwaya. Hata hivyo waliwahi kujifunza. Baada ya muda siku ya Hull House ilikuwa na mpangilio wake: asubuhi chekechea, alasiri vikundi vya watoto waliotoka shule, usiku madarasa ya watu wazima, Kiingereza kikiwemo.

Ikumbukwe kwamba alasiri yenyewe ilibidi itafutwe. Mtoto wa mhamiaji wa wakati huo hakuwa na saa za baada ya shule kwa sababu alikuwa kiwandani, au nyumbani akishona nguo za kiwanda pamoja na mama yake. Florence Kelley, mmoja wa wanawake walioishi Hull House, alikuwa miongoni mwa waliosukuma sheria ya viwanda ya jimbo la Illinois ya mwaka 1893, iliyokataza watoto walio chini ya miaka 14 kuajiriwa viwandani, na yeye mwenyewe akateuliwa kuwa mkaguzi mkuu wa viwanda. Sheria za kumlazimisha mtoto kwenda shule zilienea jimbo baada ya jimbo, la mwisho likiwa Mississippi mwaka 1918. Kwa hiyo anayeandika historia ya madarasa haya akaanza na vitabu na ubao ameanza katikati. Kwanza mtoto alitolewa kiwandani, kisha akaingizwa shuleni, ndipo yakabaki masaa machache kabla ya giza, na ndipo watu wakaanza kugombania yatumike vipi.

Katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1910, Addams anasimulia habari ya msichana wa Kiitaliano, Angelina, aliyekuwa akihudhuria darasa la mapishi Hull House. Mama yake naye alikuwa akija jioni hiyo hiyo kuonyesha jinsi ya kusokota uzi kwa kijiti, katika jumba dogo la maonyesho ya kazi za mikono lililofunguliwa mwaka 1900. Lakini Angelina alikuwa akipitia mlango mwingine. Hakutaka wenzake wajue kwamba yule mwanamke mwenye kitambaa kichwani na viatu vya kijijini ni mamaye. Jioni moja aliwakuta wageni, watu wa chuo cha ualimu, wamemzunguka mama yake wakimsifu, na kutokana na maneno yao akaelewa kwamba hakuna Marekani nzima anayesokota kama yeye. Akamwendea Addams kumuuliza kama ni kweli. Tangu hapo akaanza kuingia kwa mlango ule ule anaoingilia mama yake.

Tumeisoma habari hiyo na wanafunzi wetu zaidi ya mara moja, na kila mara hujitokeza mmoja wa kusema: huyo ni mimi. Alikuwa akimwambia mama yake asizungumze kwenye teksi. Ndiyo maana tumeirefusha kidogo. Darasa la alasiri linaweza kumfundisha mtoto Kiingereza na papo hapo likamfundisha kumkwepa mama yake, wala mwalimu asijue kwamba amefundisha masomo mawili.

New York walikuwa na njia nyingine. Idadi ya waliokuwa wakishuka melini ilikuwa kubwa mno. Kituo cha kuwapokelea cha Ellis Island kilifunguliwa mwaka 1892. Shule za mjini zikaanzisha madarasa maalumu kwa watoto wasiojua Kiingereza, ambamo mtoto alikaa miezi michache kisha akahamishiwa darasa la kawaida. Julia Richman, aliyekuwa msimamizi wa shule za wilaya ya Lower East Side kuanzia mwaka 1903, alikuwa mmoja wa waliojenga utaratibu huo, na kwa mtoto wa miaka kumi na miwili aliyekuwa akiwekwa na wa miaka sita kwa sababu ya lugha tu, ulikuwa ukombozi. Lakini Richman huyo huyo, yeye mwenyewe akiwa Myahudi aliyezaliwa New York, alipiga marufuku Kiyidi shuleni. Wanahistoria wa elimu wameandika kwamba walimu waliagizwa kumpa alama ya kosa mtoto atakayesikika akikizungumza hata chooni na barabarani karibu na shule.

Msomaji aliyesoma shule za Afrika Mashariki hahitaji maelezo zaidi. Tunazijua zile kibao za shingoni, zile gunia, ile sarafu inayopokezanwa kutoka kwa mkosaji hadi mkosaji mpaka jioni. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o aliziandika kwa urefu mwaka 1986. Tofauti ni kwamba huku lugha ngeni ndiyo iliyomfuata mtoto kijijini kwake, na kule mtoto ndiye aliyeifuata lugha ngeni ng'ambo ya bahari. Adhabu ilikuwa moja.

Vita Kuu ya kwanza vilileta jambo kubwa zaidi. Mwaka 1919 jimbo la Nebraska lilipitisha sheria iliyokataza mtoto yeyote kufundishwa lugha ya kigeni kabla hajamaliza darasa la nane, shabaha ikiwa Kijerumani. Katika shule moja ya kanisa la Kilutheri, mwalimu Robert Meyer na wenzake walitafuta upenyo: walirefusha mapumziko ya mchana kwa nusu saa, na katika nusu saa hiyo, ambayo kwa hesabu yao haikuwa saa ya shule, watoto wakasoma hadithi za Biblia kwa Kijerumani. Tarehe 25 Mei, 1920 mwendesha mashtaka wa wilaya akaingia darasani. Meyer aliweza kugeukia Kiingereza, hakugeuka. Alitozwa faini ya dola 25. Kesi ilipanda hadi Mahakama Kuu ya Marekani, ambayo mwezi wa Juni mwaka 1923 iliamua kwamba jimbo halina mamlaka ya kumzuia mwalimu kufundisha lugha wala mzazi kutaka mtoto wake afundishwe. Mambo makubwa ya sheria za lugha nchini Marekani yamejengwa juu ya nusu saa ile ya mapumziko.

Miaka minne baadaye ilikuja ya Hawaii. Huko watoto wa vibarua wa mashamba ya miwa walikuwa wakitoka shule ya serikali, wanakwenda shule ya lugha yao mpaka jioni. Zilikuwa shule 163: tisa za Kikorea, saba za Kichina, zilizobaki zote za Kijapani. Serikali ya visiwa ikaziwekea masharti: ada ya dola moja kwa kila mtoto, saa moja tu kwa siku, vitabu vya kupangiwa, kibali kwa kila mwalimu. Mwezi wa Februari mwaka 1927 Mahakama Kuu iliyatupilia mbali. Hapo utaona kwamba alasiri haikuwa mali ya Kiingereza peke yake. Wenyeji waliitaka ili mtoto awe Mmarekani, wazazi waliitaka ili abaki mtoto wao, na mtoto mwenyewe, bila shaka, aliitaka kwa kucheza.

Sheria ya uhamiaji ya mwaka 1924 ilipunguza sana wageni, na kwa miaka takriban arobaini jambo hili lilififia. Lilirudi kwa nguvu San Francisco. Mwaka 1974 katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols, Mahakama Kuu iliambiwa kwamba katika shule za mji huo walikuwemo wanafunzi 2,856 wenye asili ya Kichina wasiojua Kiingereza, na ni kama 1,000 tu waliokuwa wakipewa masomo ya ziada ya lugha hiyo. Wengine 1,800 walikaa darasani wakisubiri kengele. Shule ilijitetea kwamba haikumbagua mtu: vitabu ni vile vile, walimu ni wale wale. Mahakama ikasema kumpa kitabu sawa mtoto asiyeelewa lugha ya kitabu si usawa, na ikaegemea Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964. Jaji William O. Douglas ndiye aliyeandika hukumu.

Umuhimu wa hukumu hiyo kwa mada yetu ni huu. Kabla yake, kumfundisha Kiingereza mtoto wa mgeni kulikuwa hisani, na hisani ilikuwa na makao yake: kanisani, nyumba ya jirani, alasiri. Baada yake ikawa wajibu wa shule, mchana, kwa fedha za umma. Mwaka 1975 walipoingia wakimbizi wapatao 130,000 kutoka Vietnam na nchi jirani zake, mwaka 1980 ilipotungwa sheria ya wakimbizi, na mwaka 1982 mahakama ilipoamua kwamba hata mtoto asiye na kibali cha kuishi nchini haruhusiwi kufungiwa mlango wa shule ya umma, wajibu huo ulizidi kupanuka. Mtu angedhani kwamba alasiri ingekwisha kazi. Haikwisha. Sababu yake ilielezwa na mtaalamu wa Kanada, Jim Cummins, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970: mtoto hupata lugha ya kuzungumzia uwanjani kwa muda wa miaka miwili hivi, lakini lugha ya kusomea sayansi na historia humchukua mitano hadi saba. Katika pengo hilo la miaka mitatu mpaka mitano mwalimu wa mchana humsikia mtoto akiongea vizuri, humwondoa kwenye masomo ya lugha, kisha hushangaa anapofeli. Madarasa ya alasiri yameishi ndani ya pengo hilo.

Fedha nazo zilifika. Mpango wa serikali kuu wa kuweka shule wazi baada ya saa za masomo ulipewa dola milioni 40 mwaka 1998, milioni 200 mwaka uliofuata, na kufikia mwaka 2002 ulikuwa na kama bilioni moja. Ulikuwa wa watoto wote wa mitaa maskini, wahamiaji wakiwemo. Mwaka 2003 ukatoka utafiti mkubwa uliosema kwamba waliohudhuria hawakuonyesha maendeleo ya maana katika mitihani ya kusoma kuliko wenzao. Serikali ikapendekeza kuukata hadi milioni 600, bunge likakataa. Sisi walimu tunajua namna ya kuusoma utafiti wa aina hiyo: mtoto aliyehudhuria siku mbili kwa wiki, akala chakula, akacheza, akafanya nusu ya kazi ya nyumbani, hawezi kupimwa kana kwamba alisoma mwaka mzima. Lakini pia tusijidanganye. Darasa lisilo na mwalimu aliyefunzwa kufundisha lugha ni mahali salama pa kukaa, si zaidi, na kuna mengi ya namna hiyo.

Miongoni mwa yaliyofanikiwa, lililovuma zaidi lilianza kwa mpira. Clarkston ni mji mdogo karibu na Atlanta, jimbo la Georgia, ambako mashirika yaliwapeleka wakimbizi wengi tangu miaka ya 1990. Mwaka 2004 Luma Mufleh, mwanamke kutoka Jordan aliyesomea Marekani, aliwakuta watoto wakicheza mpira kwenye maegesho ya magari ya nyumba za kupanga, akaunda nao timu. Ikaitwa Fugees. Walikuwemo Waliberia, Warundi, Wakongo, Wabosnia, Waafghanistan. Mufleh aligundua upesi kwamba baadhi ya wachezaji wake hawawezi kusoma kazi wanazopewa shuleni ingawa wanapandishwa darasa kila mwaka. Akaweka sharti: asiyehudhuria masomo ya alasiri hachezi. Mwaka 2007 gazeti la New York Times liliandika habari zao, mwaka 2009 mwandishi Warren St. John akazitolea kitabu, na kutokana na timu ile ikazaliwa shule kamili.

Kulikuwa na sharti lingine: mazoezini ni Kiingereza tu. Hapo tuligawanyika wenyewe tulipokuwa tukiandaa makala hii. Mmoja wetu alisema hakuna tofauti na Richman. Mwingine akasema tofauti ipo, na ni kubwa: Richman alikuwa akiiondoa lugha ya nyumbani kwa kuwa aliidharau, Mufleh alikuwa akizuia timu isikatike vipande vipande, Warundi na Wakongo kwa Kiswahili chao huku, Wabosnia kule. Hatukufikia mwafaka. Tunawaachia wasomaji.

Kiswahili, basi, kilikuwa kimekwisha kufika. Mwaka 2016 Kongo iliongoza orodha ya nchi walikotoka wakimbizi waliopokelewa Marekani, watu 16,370, wengi wao wakitoka makambi ya Tanzania, Burundi, Rwanda na hapa Uganda: Nyarugusu, Nakivale, Kyangwali. Shule nyingi zikaanza kuwaandikia wazazi barua za Kiswahili. Nia ni njema, ila kuna kichekesho. Kwa Wakongo wengi wa mashariki na wa Katanga, neno masomo ndilo jina la shule yenyewe. Mtoto huenda masomo. Barua ya Kiswahili sanifu ikimtangazia mzazi masomo ya baada ya shule, anachosoma ni shule ya baada ya shule. Ana haki ya kuuliza mtoto wake amekosa nini. Hapa ipo kazi ya watu kama sisi, na hatujaifanya: kuwaeleza wanaotafsiri kwamba Kiswahili kina nyumba zaidi ya moja. Mwezi wa Januari mwaka 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Waliokwisha kuingia wako madarasani. Waliokuwa na tiketi wamebaki nasi.

Na huku kwetu? Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni 1.5, na sheria yake ya mwaka 2006 inampa mtoto mkimbizi elimu ya msingi kama mwenyeji. Mtoto aliyefika darasa la tano Goma kwa Kifaransa huambiwa aanze tena darasa la pili au la tatu, akiwa mrefu kuliko dawati. Mwaka 2007 vijana wakimbizi wa Kongo mjini Kampala waliunda chama cha YARID. Walianza, kama Clarkston, kwa mpira. Kisha yakaja madarasa ya Kiingereza, kwa sababu bila hicho hakuna shule, hakuna kazi, hata kupanga chumba ni taabu. Hakuna aliyewaambia wafuate mfano wa Chicago. Hali ile ile ilizaa jibu lile lile.

Katika madarasa ya namna hiyo tuliyoyatembelea jijini, jambo moja lilitupendeza. Mwalimu naye aliwahi kuwa mwanafunzi wa kiti kile kile, na Kiswahili hakifichwi. Siku moja tulimkuta kijana akifundisha watoto kumi na wawili chini ya paa la mabati, mvua ikipiga hata kusikilizana ni shida. Ameandika ubaoni *he* na *she*, na mbele ya yote mawili ameandika yeye. Akawaeleza kwa Kiswahili cha Bukavu kwamba Mwingereza hawezi kumtaja mtu kabla hajajua ni mwanamume au mwanamke. Msichana mmoja wa miaka kama minane alinyosha mkono. Akauliza, na kama mtu huyo yuko mbali, haonekani vizuri, Waingereza hufanyaje? Mwalimu alifikiri kidogo, akasema wanangoja akaribie. Darasa likacheka, na baadhi yetu tukaandika jibu lile kwenye daftari.